Mfalme Niliyemfufua

Karakana ya mjomba wangu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, Fordsburg, Johannesburg. Ilikuwa na meza mbili za kazi, sefu ya chuma, jiko dogo la gesi la kuchemshia chai, na dirisha lililotazama ukuta wa matofali. Kati ya saa nne na saa saba mchana jua lilipenya juu ya ukuta ule na kuangukia meza moja tu. Meza hiyo alinipa mimi siku nilipofika kutoka Tanga. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, na nilidhani amenipa kwa sababu ilikuwa karibu na mlango. Baadaye sana ndipo nilipoona alama za viwiko vyake zimechimbika kwenye ubao, alama za miaka mingi.

Sasa amerudi kwao, macho yamechoka, na mimi nimebaki na meza zote mbili. Nina hamu na chai yake iliyozidi tangawizi. Nina hamu na redio yake isiyoshika stesheni, na jinsi alivyokuwa akiinong'oneza dhahabu inapokaribia kuyeyuka, "haya, haya, taratibu," kama mtu anayembembeleza ng'ombe wa kukamua. Nimejaribu kuinong'oneza hivyo mwenyewe. Naona aibu, hata nikiwa peke yangu.

Nataka kuandika juu ya baridi ya mwaka wangu wa pili pale, kwa sababu ndipo nilipofanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na ilikuwa makosa.

Kwanza nikiri nilivyo. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilishindwa mtihani wa kidato cha nne, na tangu siku ile nimeishi kama mtu anayesahihishwa. Karakanani nilikuwa nafunga koki ya gesi, naigusa mara tatu, natoka, nafika kwenye robot ya pili, zile taa za barabarani, narudi kuigusa tena. Haikuwahi hata siku moja kuwa wazi. Nikilehemu pete, kisha nikaona kwa kioo cha kukuza kijitundu ambacho hakuna jicho la mteja lingekiona, nilikuwa naiyeyusha yote na kuanza upya. Mjomba aliniangalia wiki nzima nikihangaika na pete moja, akaniambia, "Utaitengeneza mpaka mwenye kidole afe." Nilicheka, lakini pete ile niliiyeyusha mara ya nne.

Yeye ndiye aliyenifundisha kushika tupa na kuwasha moto. Kuchonga nilijifundisha mwenyewe, kwa video za kwenye simu na vipande vya shaba nyeupe alivyovitupa. Nilijaza vipande vile majani, nywele, herufi, tena na tena, mpaka vidole vikafanya sugu.

Sarafu nazo nilijifundisha. Kina mama wa pwani wanaoishi Joburg walikuwa wakituletea pauni zao za dhahabu tuzitie vipete vya kutungia kwenye mikufu. Nyingine zilikuwa na malkia, nyingine na mtu juu ya farasi akiua joka. Wenyeji wa hapa walileta zile zenye swala mgongoni. Nikajiuliza ni nani aliyeanza desturi hii ya kuweka kichwa cha mtu upande mmoja na kitu kingine upande wa pili. Nilimfuata huyo mtu kwenye simu, usomaji ukaongoza kwenye usomaji mwingine, mpaka nikafika Roma ya kale na sikutoka tena.

Nilipenda sarafu zao za dhahabu kupita kiasi. Zilikuwa ndogo, upana wa kucha ya kidole gumba, lakini ndani yake mchongaji ameweka shingo nene ya mfalme, kidevu, pua, taji la majani ya mti wa laureli, na ncha mbili za utepe wa taji zinazoning'inia kisogoni. Mgongoni palikuwa na kila kitu. Mbwa mwitu jike akinyonyesha watoto wawili wa binadamu. Hekalu lenye nguzo sita. Mateka ameketi chini, mikono nyuma, amejiinamia. Wanawake wengi waliosimama, kila mmoja na kitu mkononi cha kumtambulisha: huyu tawi, huyu usukani, huyu pembe iliyojaa matunda. Nilisoma kwamba hawakuwa wanawake wa kweli. Walikuwa mambo: amani, bahati, shibe. Upande mmoja uso wa mtawala, upande wa pili kile alichotaka watu waamini kwamba amewaletea. Nilizichora kwa penseli kwenye daftari la shule, mamia yake. Sikuwa nimewahi kushika hata moja.

Ndipo Bibi akaja.

Ilikuwa Jumatano, mwezi wa sita, baridi ile kavu ya hapa inayopasua midomo. Alivaa sweta juu ya baibui na soksi nene za kiume ndani ya viatu. Alikuwa mtu wa Tanga, mkubwa kuliko mama yangu mzazi kwa miaka mingi, na alikuwa anaishi Mayfair kwa binti yake. Mjomba alimjua kidogo kutokana na misiba na maulidi. Tulimpa shikamoo, tukampa kiti na chai. Akavua kitu shingoni, kilichokuwa kimefungwa kwa uzi mweusi wa kushonea, akakiweka kwenye sinia letu la kazi.

Niliitambua kabla haijatulia.

Mjomba hakuitambua. Aliipima, akaona uzito wake unakaribia wa pauni. Akaisugua kidogo sana pembeni kwenye jiwe la kupimia, akakunja uso, maana dhahabu yake ilikuwa safi na laini kuliko ya pauni. Akamuuliza Bibi ni pauni gani hii. Bibi akasema si pauni. Ilitoka Bara Hindi zamani, hakuna ajuaye kwa mkono wa nani, ikaingia ukoo wao kwa mahari ya bibi yake mzaa mama. Tangu hapo kila bi harusi wa ukoo ule huivaa siku ya ndoa, na kabla hajatoka nyumbani huswali nayo rakaa mbili. Yeye aliivaa. Binti yake aliivaa. Jumamosi ya wiki ijayo ilikuwa zamu ya mjukuu wake, aliyezaliwa hapa hapa Joburg. Ila kipete cha kutungia kimelika, kimekuwa kama unywele, na asingependa sarafu idondoke katikati ya shughuli.

Mjomba alikuwa na desturi yake. Mteja huweka kidole pale penye tatizo, na yeye hufunga uzi mwekundu pale pale kidole kilipokuwa. Penye uzi ndipo penye kazi. Kwingine kote hapaguswi, hata kama pana vumbi. Bibi akaweka kidole kwenye kipete. Mjomba akafunga uzi. Alipoondoka, mjomba akanipa mimi sarafu kwa sababu alijua nazipenda, akasema, "Kipete tu."

Kipete kilinichukua nusu saa siku ya Alhamisi. Saa nyingine zote nilikaa nikiitazama.

Mfalme alikuwa anatazama kulia. Alikuwa na ndevu fupi za mviringo, kila udevu umechongwa peke yake. Taji lake la majani lilikuwa kamili, herufi zilizomzunguka zilisomeka karibu zote. Mgongoni alisimama mwanamke mwenye mizani mkono mmoja na pembe ya shibe mkono wa pili. Huyo alikuwa amesagika, hana uso kabisa, kichwa chake kimekuwa kama punje ya mtama. Nilimwonyesha mjomba mizani, akacheka, akasema huyu ni mwenzetu, sonara.

Lakini mfalme alikuwa na jeraha. Mkato mmoja, wa kina, ulitoka chini ya taya ukapita shingoni mpaka kisogoni, ukavikata vile vipande viwili vya utepe. Kingo zake zilikuwa zimeinuka kama midomo. Niliujua mkato ule. Nilikuwa nimesoma kwamba wafanyabiashara wa zamani walikuwa wakizikata sarafu za dhahabu kwa patasi ili waone kama ndani ni dhahabu au shaba iliyopakwa. Nikawaza: basi ni hivyo. Tajiri fulani mwenye shaka, asiye na macho ya kuona uzuri, alimpiga mfalme huyu patasi ya shingo na kumwacha hivyo miaka yote. Na wanawake wa ukoo mzima wameivaa na aibu ile vifuani mwao kwa sababu hakujatokea fundi.

Nilikuwa na uhakika kabisa. Nikikumbuka hilo sasa ndilo linaloniuma zaidi. Mimi niliyekuwa naigusa koki mara tatu, siku hiyo sikuuliza hata mara moja.

Ijumaa mchana Fordsburg hufunga. Mageti ya maduka huteremshwa, wanaume huelekea msikitini na kanzu zao chini ya makoti, mtaa unatulia mpaka unasikia njiwa. Mjomba alikwenda swala. Mimi nilibaki, nikajifungia mlango kwa ndani, na mwanga ulikuwa umeangukia meza yangu.

Nilichukua vijipande vya hereni kuukuu ya dhahabu iliyokaribiana rangi na ile, nikaviyeyusha, nikaviponda. Nilisafisha mkato kwa tindikali iliyozimuliwa kwa maji. Nikalaza kile kipande ndani ya shingo ya mfalme, nikakilehemu kwa moto mdogo kuliko wote niliowahi kuwasha, pumzi nimezibana. Umeme ulikatika, ilikuwa zamu yetu ya mgao, na mashine ya kung'arishia ikanyamaza. Sikujali, nilisugua kwa mkono. Halafu nikashika kalamu ya chuma na kuchonga. Mstari wa taya. Ule mkunjo mdogo chini ya kidevu. Nywele nne za kisogoni. Ncha mbili za utepe, nikizifuata kutoka zilipokatika upande wa juu hadi zilipoendelea upande wa chini. Kila kitu nilikijua, nilikuwa nimekichora mara mamia kwenye daftari.

Nilipomaliza niliinua kioo na mfalme alikuwa mzima. Nilitafuta kosa. Nilitafuta kama ninavyotafuta siku zote, kwa hofu, na kwa mara ya kwanza maishani sikuliona. Rangi tu ilitofautiana kidogo sana, kama ngozi mpya kwenye kidonda kilichopona. Nililia kidogo. Sijawahi kumwambia mtu hilo.

Nilikuwa karibu nimchongee na yule mwanamke wa mizani uso. Nilishaweka ncha ya kalamu. Adhana ya pili ilikuwa imekwisha zamani, nikasikia watu wanarudi mtaani, nikaacha.

Mjomba aliporudi, sarafu ilikuwa imefungwa ndani ya karatasi yake, uzi mwekundu umening'inia nje. Akaniuliza kama kipete tayari. Nikasema tayari. Hakuifungua, kwa sababu kazi ya kipete hakuwa tena anaikagua kwangu, aliniamini. Sikumdanganya kwa neno hata moja, na hiyo ndiyo ilikuwa hila yangu. Nilitaka Bibi afungue mbele yetu wote wawili. Nilitaka kuona uso wake. Usiku ule niliota uso wake.

Alikuja Jumamosi asubuhi na mjukuu wake, bi harusi mwenyewe, msichana mrefu mwenye mtandio ulioteleza kila mara na simu mkononi. Alikuwa mfamasia. Alitusalimu kwa Kiswahili kizuri cha salamu, kisha maneno mengine yote akawa anayasema kwa Kiingereza, na Bibi anamjibu kwa Kiswahili, na walikuwa wanaelewana bila shida.

Bibi akafungua karatasi. Akavuta kipete, akakikubali. Akaigeuza sarafu.

Akaisogeza dirishani, akaipangusa kwa kona ya mtandio kama mtu anayedhani ameona vibaya, akaitazama tena.

"Nani kamfufua huyu?" akauliza.

Hakupaza sauti. Mjomba akaichukua, akavaa kioo chake jichoni, na akakaa nacho muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya sefu. Kisha akavua kioo, akasema, "Mkono wa karakana ni mmoja, Bibi. Ni mimi."

Ndivyo walivyofunzwa masonara wa kwao. Mbele ya mteja hakuna mwanafunzi; kosa lolote ni la mwenye moto. Nilijua desturi hiyo na nilijua kwamba nikinyamaza jambo litaishia hapo, kwangu. Nikanyamaza.

Bibi akaeleza, polepole, zaidi kwa mjukuu wake kuliko kwetu. Bibi yake alipoletewa mahari alikuwa na miaka kumi na saba. Aliipenda sarafu, dhahabu ile ya rangi ya kiini cha yai, lakini alikuwa binti wa mwalimu wa madrasa, na alisema hataswali na mfalme kifuani. Sura ya mtu yenye kichwa na shingo yake haikai mbele ya mwenye kusujudu. Watu wakamwambia aivue wakati wa swala. Akasema kitu ukikivua mara tano kwa siku siku moja utakisahau, au utaisahau swala. Akaomba patasi kwa seremala jirani, akaiweka sarafu juu ya kizingiti cha mlango, akamkata mfalme shingo kwa pigo moja. Akamuua. Kisha akaivaa, akaswali nayo rakaa mbili, akaenda kwa mumewe. Hakuivua mpaka siku ya ndoa ya binti yake.

"Na huyu wa nyuma?" mjomba akauliza taratibu, yule wa mizani.

Bibi akasema huyo alikuwa amelalia ngozi. Kifua cha bibi yake, cha mama yake, chake mwenyewe na cha binti yake. Walimfuta uso wenyewe bila patasi, kwa jasho.

Nilichokuwa nimekiona kama jeraha la tajiri mwenye shaka kilikuwa kazi ya mkono wa msichana, karibu rika langu, na ilikuwa ndiyo maana yote ya kile kitu. Nilikuwa nimekijaza dhahabu na kukichongea nywele.

Mjukuu alikuwa ameichukua sarafu, anaikuza kwa kamera ya simu. Akasema kwa Kiingereza kwamba, kwa kweli, sasa imependeza zaidi, inaonekana kama ya makumbusho. Ataivaa kwenye ukumbi na picha zitatoka vizuri, na kwa swala ataivua, si jambo kubwa. Bibi hakumgombeza. Alisema tu kwamba kama ni ya ukumbini, watu wanaweza kukodi vya kung'aa madukani. Hii kama haiswaliwi nayo basi haijavaliwa, na yeye ataiweka sandukuni, na desturi itakuwa imeishia kwa mama yake. Akaanza kuikunja kwenye karatasi.

"Ni mimi, Bibi," nikasema. "Mjomba hakujua. Yeye aliniambia kipete tu."

Mjomba akanitazama kama niliyemwaga kitu. Bibi akanyanyua macho, lakini hakuniangalia usoni, aliangalia mikono yangu. Akaniambia nisogee. Akaishika mmoja, akaugeuza, akaona sugu za vidole.

"Una mkono mzuri, mwanangu," akasema. "Ungeuliza tu."

Angenitukana ningepona mapema. Nilianza kusema haraka haraka, kama kawaida yangu nikishikwa na hofu. Nilimwambia ninayo picha, niliipiga siku ya Alhamisi kabla sijaigusa, nina vipimo, naweza kuurudisha mkato ule ule, mahali pale pale, kina kile kile, hata zile kingo zilizoinuka naweza kuzitengeneza, hatatofautisha kabisa.

Bibi akacheka. Alicheka kweli, mpaka akajishika kifua. "Huyu naye. Atachinja kwa rula."

Mjomba alisema basi yeye atakata, sasa hivi, bure. Bibi akatikisa kichwa; hakuona ni kwa nini mwanaume wa watu amkatie mfalme wao.

Wakati tunasema hayo mjukuu alikuwa ameweka simu chini. Akauliza, na safari hii kwa Kiswahili, akitafuta kila neno: "Alikata mwenyewe? Yeye, bi harusi?"

"Mwenyewe."

"Hakuna mtu alimsaidia?"

"Seremala alimpa patasi. Akakaa pembeni."

Akafikiri. Akasema, "Mimi nina ishirini na sita, na sijawahi hata kushika nyundo." Kisha akanyoosha mkono kwangu, kiganja juu, kama mtu anayeomba chumvi mezani.

Nilimtazama Bibi. Bibi alikuwa anatazama ukuta wa matofali nje ya dirisha na hakusema ndiyo wala hapana, ila ile karatasi aliifungua tena.

Mjomba akaweka bonge la madini ya risasi juu ya meza yangu, akalaza sarafu juu yake, uso juu. Mimi nikachagua patasi. Nilichagua nyembamba, iliyonolewa, nikaisimamisha juu ya shingo ya mfalme, pale hasa, na kumwonyesha aishike chini, kiwiko karibu na mwili. Nilitaka kubaki nimeishika naye. Mjomba akaniambia niondoe mkono. Nikauondoa.

Pigo la kwanza alipiga kwa woga, likaacha mkwaruzo tu. Akasema eish, akajifuta kiganja kwenye gauni. Pigo la pili alifumba macho. Nilimwona akifumba macho na sikupata muda wa kusema kitu. Patasi iliteleza, ikaingia chini ya sikio na kushuka mshazari, ikakata shingo, ikapita kwenye ndevu, ikaishia kwenye kona ya mdomo.

Ulikuwa mkato mbaya. Ulikuwa na kina upande mmoja na upande mwingine ulififia. Ulizikata zile nywele zangu nne, na kati ya ncha mbili za utepe moja iliondoka nusu na nyingine ikabaki nzima, ikining'inia bila maana yoyote. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kalamu ya chuma. Nilitaka angalau kunyoosha ule mwisho, kuufikisha ukingoni, kuufanya uwe mkato mmoja.

"Nenda kaweke chai," mjomba akaniambia.

Nikaenda kuweka chai. Nyuma yangu nilisikia yule msichana akimuuliza Bibi, "Amekufa?" Bibi akasogea dirishani na sarafu yake. Kisha: "Kafa. Ila kafa vibaya." Wakacheka wote watatu, mjomba naye, na mimi nilikuwa nimeinama juu ya jiko na birika, nageuza koki ya gesi, nacheka huku machozi yakinitoka.

Walipoondoka mjomba hakunisema. Aliketi kwenye meza yake, akawasha redio, akaizima. Nilingojea. Tulifanya kazi karibu saa nzima, kila mtu na moto wake. Mwishowe akaniuliza, bila kugeuka, zile nywele za kisogoni nilizichonga kwa kalamu ipi, ile ya ncha bapa au ya ncha ya pembe tatu. Nikamwambia ya pembe tatu, nimeinoa upande mmoja tu. Akasema yeye miaka yote amekuwa akinoa pande zote mbili. Akaniomba nimwonyeshe. Nikavuta kiti changu, tukakaa kwenye meza yake isiyo na mwanga, nikamwonyesha kwenye kipande cha shaba, naye akajaribu, akaharibu, akajaribu tena. Sijui kama kuna saa katika maisha yangu ninayoikumbuka kwa hamu kuliko hiyo.

Bibi alinialika harusi. Nilitaka kukataa, lakini mjomba akasema mtu akikusamehe kwa chakula huna budi kula. Basi Jumamosi iliyofuata nilikuwa Mayfair, kwenye fleti iliyojaa wanawake, udi na masufuria, watoto wakipiga kelele kwa Kizulu kwenye ngazi. Bi harusi alikuwa chumbani, amepambwa hina mpaka viwikoni. Kabla hajatoka Bibi aliwatoa watu, tukabaki wachache, akatandika mswala kati ya kitanda na kabati kwa sababu nafasi nyingine haikuwepo.

Nilikaa sakafuni pembeni. Sarafu ilikuwa juu ya mtandio wake mweupe, imening'inia kwa kipete changu. Kutoka pale nilipokuwa niliuona ule mkato, ulivyopinda, ulivyoishia mdomoni. Niliona pia, kwa sababu macho yangu yanajua pa kutafuta, ile dhahabu yangu mpya, imepasuliwa katikati, nusu huku na nusu kule, bado ina rangi yake tofauti kidogo.

Akarukuu, sarafu ikaning'inia hewani ikizunguka polepole, mfalme, mizani, mfalme. Akasujudu. Sarafu ilitangulia kugusa mswala, kisha paji lake la uso.